Sura ya Tano: Tembo Chini ya Kibo

Miongoni mwa maswali yanayoulizwa mara nyingi na watu waliotoka Moshi, Machame au Marangu kwenda kutazama wanyama upande wa magharibi au wa kaskazini wa Kilimanjaro, kisha wakarudi nyumbani na picha katika simu zao, lipo hili: mbona macho yaliona msururu wa tembo ukipita chini ya mlima mkubwa mno, lakini picha ikaonyesha vidoa vya kijivu mbele ya kichuguu? Swali hilo huandamana na jingine, ambalo kwa kawaida huulizwa na yule aliyebaki nyumbani: kama tembo anatoka mdogo hivyo, kwa nini mpiga picha hakusogea karibu?

Sura hii inayajibu maswali yote mawili, na jibu lake linaelekea kinyume na mazoea, kwa sababu inashikilia kwamba katika nchi yenye mlima kama huu, picha inayomwacha mnyama mkubwa awe mdogo mara nyingi husema mengi zaidi kuliko ile inayomjaza mpaka pembezoni, mradi udogo huo uwe umekusudiwa na kupimwa.

Mazoea ya kumjaza mnyama

Mkazi wa Moshi huwaona wanyama wakubwa kila siku katika pochi yake, kwa kuwa noti ya shilingi 10,000 ina tembo, ya 5,000 ina kifaru na ya 2,000 ina simba, na katika noti zote tatu mnyama ndiye aliyepewa nafasi huku nchi anamoishi ikiwa haionekani kabisa au imedokezwa tu. Akipita kwenye maduka ya vinyago na picha mjini, atakuta michoro ya mtindo wa Tingatinga, ulioanzishwa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 na Edward Saidi Tingatinga, ambamo tembo au twiga hulitawala bao zima, na Kilimanjaro, ikiwa imechorwa, huwa kipande kidogo cheupe nyuma ya mgongo wake. Mazoea hayo yana mizizi mirefu, kwani hata michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, huwaonyesha pofu, twiga na tembo juu ya jiwe tupu, pasipo mstari wa ardhi chini ya miguu yao wala mlima nyuma yao.

Kamera ilipofika katika eneo hili ilirithi mazoea hayo hayo, ingawa kwa sababu nyingine. Mjerumani Carl Georg Schillings, aliyesafiri mwanzoni mwa karne ya 20 katika nyika za Wamaasai na pembezoni mwa Kilimanjaro, alipata umaarufu Ulaya kwa kitabu alichokichapisha mwaka 1905 chenye picha za wanyama zilizopigwa usiku kwa mwanga wa unga wa magnesiamu, yaani madini yanayowaka kwa mmuliko mkali wa kupita mara moja. Mwanga huo ulimfikia mnyama aliyekuwa karibu na kuishia hapo, hivyo simba au punda milia alitokea mweupe katikati ya giza, na nchi yote iliyomzunguka ikapotea. Zilikuwa picha za ajabu kwa wakati wake, na bado zinastahili heshima, lakini mtazamaji asiyeambiwa hawezi kujua kama mnyama yule alisimama chini ya mlima au kando ya bahari.

Lawama haziwaendei wasanii hao, kwa sababu kila mmoja alikuwa na kazi yake. Tatizo ni kwamba mgeni wa leo, mwenye simu au kamera mkononi, hubeba mazoea hayo bila kujua na kuamini kwamba kazi ya picha imekwisha pale mnyama anapoijaza fremu, yaani mipaka minne ya picha.

Kipimo cha kidole gumba

Ili kuelewa kwa nini tembo huwa mkubwa au mdogo mbele ya mlima, inafaa kuanza na mkono mtupu kabla ya kugusa kamera. Tuchukulie mtazamaji aliyesimama kwenye uwanda ulio umbali wa kilomita 45 kutoka Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, ambacho kina mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, na tuchukulie pia kwamba uwanda huo uko chini ya kilele kwa mita 4,500. Kimo cha mlima, kikigawanywa kwa umbali, kinatoa sehemu moja ya kumi. Mtazamaji huyo akiunyoosha mkono wake na kusimamisha kidole gumba umbali wa sentimita 60 kutoka jichoni, kidole chenye sentimita 6 kitaufunika mlima wote kutoka chini hadi juu, kwa sababu 6 kwa 60 nayo ni sehemu moja ya kumi.

Hesabu ya tembo ni ile ile. Tembo dume aliyekomaa ana kimo cha mita 3 hivi, kwa hiyo akisimama mita 30 kutoka kwa mtazamaji atakuwa na kimo sawa na Kibo, na akisogea karibu zaidi atauzidi. Akiwa mita 300, atakuwa sehemu moja ya kumi ya mlima. Akiwa mita 600, sehemu moja ya ishirini. Twiga, ambaye kimo chake hukaribia mita 5, huhitaji kuwa mita 500 ili awe na uwiano ule ule wa moja kwa kumi.

Hapo pana jambo ambalo wapiga picha wengi huchukua miaka kulikubali, nalo ni kwamba uwiano wa mnyama na mlima hupangwa na mahali gari liliposimama, wala hakuna lenzi inayoweza kuubadilisha. Mlima uko mbali kiasi kwamba gari likisogea mita 200 mbele au nyuma hautabadilika hata kidogo machoni, lakini tembo ataongezeka au kupungua mara kadhaa. Dereva anayemwamuru mgeni wake ashushe kamera wakati gari likirudi nyuma kidogo huenda anaifanyia picha kazi kubwa kuliko mashine yoyote iliyomo ndani ya gari.

Kazi halisi ya lenzi

Kama lenzi haibadilishi uwiano, inabaki na kazi ya kuamua ni kiasi gani cha dunia kiingie ndani ya fremu. Lenzi hutajwa kwa milimita, na namba ndogo, kama 24, humaanisha lenzi pana inayoingiza eneo kubwa, ilhali namba kubwa, kama 200 au 400, humaanisha lenzi ndefu inayochukua kipande chembamba cha mbele na kukikuza. Kamera kuu ya simu nyingi za sasa huona kwa upana unaokaribiana na lenzi ya milimita 24 katika kamera kubwa.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali la kichuguu. Simu ikishikwa kwa ulalo kwenye uwanda tuliouchukulia, Kibo itachukua takriban sehemu moja ya kumi ya kimo cha picha, na tembo aliye mita 300 atachukua sehemu moja ya mia. Macho hayakudanganya, bali yalichagua: mtu anapoutazama mlima, akili huuelekea mlima peke yake na kuyapuuza majani ya mbele na mbingu ya juu, ambavyo kamera, isiyo na akili ya kupuuza, huviingiza vyote kwa haki sawa. Lenzi ya milimita 50 katika kamera kubwa ingeufanya mlima uwe sehemu moja ya tano ya kimo cha picha, na lenzi ya milimita 200 ingeufanya uzidi sehemu nne za tano, huku tembo yule yule akibaki sehemu moja ya kumi ya mlima katika picha zote. Ndiyo maana picha zenye nguvu za mnyama mdogo chini ya mlima mkubwa, ambazo wengi hudhani zimepigwa kwa lenzi pana, mara nyingi zimepigwa kwa lenzi ndefu kutoka mbali sana.

Umbali huo una faida nyingine inayohusu ukali, yaani ile hali ya vitu kuonekana vikiwa na kingo zilizokatika vizuri bila ukungu. Lenzi hulenga umbali mmoja tu kwa usahihi kamili, na vitu vilivyo mbele au nyuma ya umbali huo huanza kulegea. Tundu la lenzi, yaani uwazi unaoingiza mwanga, likipunguzwa, eneo lenye ukali huongezeka. Katika kamera kubwa yenye lenzi ya milimita 200 na tundu lililopunguzwa hadi namba 11, mpiga picha akimlenga tembo aliye mita 30, ukali hauvuki sana mita 40, na mlima huwa wingu la buluu. Akimlenga tembo aliye mita 300 kwa mpangilio huo huo, tembo na mlima hutoka wakali wote wawili.

Kwa ufupi: mahali pa kusimama ndipo panapopanga uwiano wa mnyama na mlima, lenzi hupanga kiasi cha nchi kitakachoingia, na umbali mrefu huwaweka wote wawili katika ukali mmoja. Mwenye simu isiyo na lenzi ya pili anaweza kuikata picha baadaye na kubaki na sehemu ya kati, ila ajue kwamba kila anapokata anapoteza sehemu ya vidoa vidogo vinavyoijenga picha, vinavyoitwa pikseli.

Mlima una saa zake

Mkazi wa Machame hahitaji kufundishwa kwamba Kibo haionekani wakati wowote mtu anapotaka. Asubuhi na mapema mlima huwa wazi, kisha jua linapoupasha joto mteremko, hewa yenye unyevu hupanda, hupoa na kugeuka mawingu, ambayo kufikia katikati ya asubuhi mara nyingi huwa yameufunika msitu na kuendelea kupanda, mpaka jioni yanapoanza kushuka au kukatika. Mteremko wa kusini, ambamo Machame imo, ndio wenye mvua nyingi, na ndio unaofunikwa zaidi.

Lakini saa nzuri hutegemea pia upande aliko mpiga picha, na jambo hili husahaulika sana. Kwenye nyanda za Enduimet, ambako ardhi za vijiji vya wilaya ya Longido zimetengwa na wanavijiji wenyewe kuwa eneo la jamii la kuhifadhi wanyamapori, mlima uko upande wa mashariki, kwa hiyo jua la asubuhi huchomoza nyuma yake au kando yake na kuugeuza umbo jeusi lisilo na theluji wala makorongo. Hali ni hiyo hiyo kwa anayetazama kutoka maziwa ya Momella katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Kwa watu wa upande huo, alfajiri hufaa kwa picha za maumbo meusi, twiga akiwa mstari mwembamba mbele ya mbingu ya rangi ya chungwa, ilhali barafu ya Kibo hupata rangi jioni, jua linapokuwa mgongoni mwa mpiga picha, ikiwa mawingu yatakubali kuondoka. Aliye Amboseli, upande wa kaskazini ndani ya Kenya, huutazama mlima akielekea kusini, hivyo mwanga wa asubuhi huingia kutoka kushoto na kuchora kila bonde, na hiyo ni sababu mojawapo iliyozifanya picha za Amboseli zienee duniani kuliko za upande wa Tanzania, hata watu wengi wakadhani mlima wenyewe uko Kenya.

Majira nayo yana sehemu yake. Mwezi Juni jua hupita upande wa kaskazini na kuangaza uso wa mlima unaotazamana na Amboseli, na mwezi Desemba hupita kusini na kuangaza uso unaoonekana kutoka Machame na Moshi. Mwisho wa kiangazi vumbi hujaa hewani, na kwa kuwa lenzi ndefu huutazama mlima kupitia kilomita 40 na zaidi za hewa, vumbi hilo huufifisha kabisa. Mvua ikikatika, hewa huwa imeoshwa, na siku moja au mbili za mwanzo ni za thamani. Mchana wa jua kali huleta adha nyingine, yale mazigazi yanayofanya ardhi ionekane ikicheza kama maji, ambayo humtikisa tembo wa mbali mpaka miguu yake ikakosa umbo, na hakuna kamera ya bei yoyote inayoyashinda.

Kidoa kinachotambulika

Mnyama akishakuwa mdogo, hatambuliwi tena kwa macho yake, ngozi yake wala makovu yake. Hutambuliwa kwa umbo lake la nje peke yake, kama herufi inavyotambuliwa. Hapa ndipo picha nyingi za namna hii hushindwa, kwa sababu mpiga picha alimjua tembo alipokuwa akimtazama, akasahau kwamba msomaji wa picha ataona tu doa lisilo na mkonga. Kabla ya kubonyeza, mambo haya yanastahili kukaguliwa:

- mnyama ameonyesha ubavu, ili mkonga, shingo au pembe zionekane, wala hakugeuza mgongo;
- miguu yake haikuzama katika kichaka au majani marefu;
- nyuma yake pana rangi inayotofautiana naye, kama vumbi jeupe, nyasi kavu au maji yanayong'aa;
- wakiwa wengi, kuna mwanga unaopenya kati ya mmoja na mwingine.

La tatu ndilo gumu zaidi. Tembo wa kijivu mbele ya mteremko wa kijivu hupotea, na mara nyingi njia ya pekee ni kungoja. Kundi linalotembea kwenye uwanda mkavu hutimua vumbi, na vumbi hilo likipigwa na jua la jioni kutoka upande huwa pazia linalomtenga mnyama na mlima. Mwanga pia huhitaji uamuzi, kwa kuwa kamera hupima wastani wa kila kinachoingia, na theluji na mawingu vikiwa vyeupe mno, tembo hugeuka mweusi, au akipewa haki yake, theluji huungua na kubaki karatasi tupu. Kwa picha ya mnyama mdogo, ni afadhali kuilinda theluji na kumwacha tembo awe mweusi kiasi, kwani umbo lake halipotei kwa weusi, lakini mlima uliokosa kilele hauwezi kurudishwa.

Ukubwa wa karatasi nao ni sehemu ya kazi. Tembo aliyepigwa kwa lenzi ya milimita 200 kutoka mita 300 ana sehemu moja ya kumi na mbili ya kimo cha picha, maana yake ni zaidi ya sentimita 3 kwenye karatasi yenye kimo cha sentimita 40, lakini ni chini ya milimita 4 kwenye simu iliyoshikwa wima. Picha hizi hazikuumbwa kwa kutazamwa haraka kwenye kioo cha kiganjani, na mwenye nazo anafaa kuzichapa kwa ukubwa na kuzitundika mahali ambapo mtu anaweza kusimama, kuuona mlima kwanza, kisha kumgundua mnyama.

Kilichopo kati ya mnyama na mlima

Mpaka hapa maelezo yamekuwa ya ufundi, lakini ufundi huo una sababu. Nafasi iliyopo kati ya tembo na Kibo imejaa mambo, na picha ya karibu huyafuta yote. Mabwawa ya kijani ambamo tembo wa Amboseli huzama mpaka matumboni, katikati ya uwanda mkavu, hupata maji yake chini ya ardhi kutoka Kilimanjaro, ambako mvua hunyonywa na udongo wa msitu na kutokea tena chini uwandani. Tembo hao hawana mpaka wa nchi: huvuka kwenda Enduimet, na kuna njia, inayoitwa ushoroba wa Kitendeni, inayounganisha uwanda na msitu wa mlima, ambayo mashamba na makazi yameendelea kuibana. Ushoroba ni kipande cha ardhi ambacho wanyama hukitumia kupita kutoka malisho hadi malisho, na ukiwa umebanwa kati ya shamba na shamba, picha ya tembo peke yake haiwezi kuuonyesha. Huonekana pale tu tembo anapokuwa mdogo na shamba likaingia upande mmoja wa fremu.

Mlima wenyewe unabadilika. Barafu ya Kibo, iliyokuwa na zaidi ya kilomita za mraba 11 mwaka 1912, ilikuwa chini ya kilomita 2 za mraba mwaka 2011, kwa hiyo kila picha yenye tembo na kilele pamoja, ikiandikwa tarehe na mahali, inakuwa kumbukumbu ya vitu viwili kwa wakati mmoja, na wajukuu wa watu wa Machame wataihitaji.

Mfano wa mpiga picha Mwingereza Nick Brandt unaleta changamoto hapa, kwa sababu katika kitabu chake cha mwaka 2005, On This Earth, aliwapiga wanyama kwa filamu na bila lenzi ndefu, akiwasogelea karibu mno, na picha zake za tembo zina heshima ambayo wachache wameifikia. Hata hivyo, mwaka 2010 yeye pamoja na mhifadhi Richard Bonham walianzisha shirika la Big Life kulinda wanyama na makazi yao pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Tanzania, na kwa ajili ya kitabu cha mwaka 2016 alichapa picha zake kwa ukubwa halisi wa mnyama, akazisimamisha kwenye majalala, viwanda na kingo za barabara nchini Kenya, mahali ambapo wanyama hao waliwahi kuishi. Ardhi aliyokuwa ameiacha nyuma katika picha za mwanzo ilirudi kuwa ndiyo habari yenyewe.

Kujifunzia nyumbani

Huenda msomaji wa Machame akasema kwamba yote haya ni ya watu wa uwandani, kwa kuwa mbele ya mlango wake kuna migomba, kahawa na mwinuko wa kihamba (shamba la nyumbani) cha jirani, na ndani ya msitu ulio juu ya lango la Machame, mita 1,800 hivi juu ya bahari, hakuna mahali pa kurudi nyuma hata hatua ishirini. Ni kweli kwamba msituni uwanja wa kuonea ni mfupi. Wapandaji wanaofuata njia ya Machame hutoka kwenye miti na kufika uwanda wa Shira siku ya pili, ambako pofu huonekana mara chache kwenye nyasi za juu, na hapo kila kilichosemwa katika sura hii kinaweza kutumika.

Asiyepanda mlima anayo mabonde. Mito inayoshuka Machame, kama Weruweru na Kikafu, imechimba makorongo marefu, na mtu akisimama kwenye ukingo mmoja hupata ng'ambo ukuta wa miti wenye umbali wa kutosha kwa zoezi. Mbega huishi katika msitu wa mlima huu, na akikaa kimya juu ya tawi hupotea katika kivuli. Anaporuka, mkia wake mweupe hufunguka kwa kitambo kifupi mbele ya kijani cheusi. Mazoezi ya kungoja kitambo hicho, fremu ikiwa imepangwa tayari na msitu umepewa nafasi yake yote, ndiyo yale yale yatakayohitajika siku ya safari ya Boma Ng'ombe, Sanya Juu na kuendelea mpaka nyandani, jioni, wakati mawingu yanaanza kushuka kutoka Kibo.